Tupeane uzoefu: kushusha boti Ziwa Williston, British Columbia, Kanada

Wakuu, ramani ya ziwa hili inaonyesha mwambao mmoja, ukifika unakuta mwingine kabisa. Wanaolijua watueleze cha kuangalia kabla ya kuingiza boti majini.

Mzee wa Mito: Anza na umbo lake. Mto Finlay ulitoka kaskazini, Parsnip kusini, ikakutana bondeni na kuzaa Mto Peace unaopenya milima ya Rocky kwenda mashariki. Bwawa la umeme la W.A.C. Bennett, lililokamilika 1967, liliuziba Peace, maji yakarudi nyuma na kulijaza bonde lote. Ndiyo maana ziwa lina mikono mitatu yenye majina ya mito hiyo. Ukipanga kukutana na mtu, taja mkono; kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni kama kilomita 250.

Dada Zawadi: Ukingo wa kwenye ramani ni wa ziwa likiwa limejaa, takriban mita 672 juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi mahitaji ya umeme hupanda, maji mengi hupita kwenye mitambo ya bwawa, na mito huleta kidogo kwa sababu ya barafu. Kwa hiyo mwanzoni mwa machipuko, kabla theluji ya milimani haijayeyuka, ziwa huwa chini kabisa. Kushuka mita 10 ni kawaida. Tafuta usawa wa maji wa siku hiyo, BC Hydro, shirika la umeme la jimbo hilo, huutoa, kisha ulinganishe na mwisho wa chini wa njia ya kushushia boti. Mahali penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakishuka mita 10 unabaki na nusu kilomita ya tope.

Mzee wa Mito: Na tope hilo likikauka, upepo hulipeperusha. Jamii ya wenyeji wa asili ya Tsay Keh Dene, iliyopoteza makazi na makaburi yake chini ya maji haya, ndiyo inayovuta vumbi hilo huko kaskazini. Fukwe hulimwa kwa trekta ili matuta yauvunje upepo. Hili lisichukuliwe kama jambo dogo.

Fundi Boti: Msitu haukufyekwa wote kabla ya kujaza. Magogo yanaelea, na maji yakipungua visiki hubaki sentimita chache tu chini ya uso. Nenda polepole, mtu mmoja akae mbele akiangalia, na beba propela ya akiba. Mikono imenyooka, upepo haupati kizuizi. Mawimbi yakianza kuvunjika, ingia ghuba ya karibu usubiri.