Nitaipataje rekodi ya kaka yangu aliyekamatwa baharini upande wa Pate?

BintiKizingitini (Jumanne)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninaandika kutoka Mombasa, ninakofanya kazi, kwa niaba ya mama yetu aliyeko Kizingitini, kisiwani Pate. Ijumaa iliyopita jioni kaka yangu na nahodha wake walikamatwa baharini walipokuwa wakirejea kutoka kuvua kambakoche upande wa Kiunga. Mabaharia wawili walioachwa wairejeshe mashua nyumbani wanasema wenzao walipandishwa kwenye boti ya doria, na hakuna aliyeelezwa kosa wala mahali walikokuwa wakipelekwa.

Jumamosi mjomba alikwenda katika kituo kimoja cha polisi akaambiwa jina hilo halimo. Jumapili alivuka hadi kituo cha pili, huko bara, akaambiwa arudi siku ambayo afisa mhusika atakuwepo. Kila safari ni nauli na siku nzima kupotea, kwa kuwa boti za kwetu husubiri maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda. Nimetafuta kwenye intaneti, nikakuta tovuti za kigeni zinazoahidi kuonyesha orodha ya wafungwa mahali popote duniani, mradi niandike nambari ya kadi yangu ya benki. Ninaomba kujua ni rekodi zipi hasa huandikwa mtu anapokamatwa, nani anawajibika kutuonyesha, na kama ninaweza kuziomba nikiwa huku Mombasa.

MsaidiziWaSheria

Waalaikum salaam, dada. Poleni sana, na mpe mama salamu zetu.

Tovuti hizo ziache kabisa, na usiwape nambari ya kadi. Hapa Kenya rekodi hizi zimo katika vitabu vya kituo na katika masjala ya mahakama, wala si katika orodha ya kuuzwa.

Ninakushauri uanze na mahakama kabla ya kituo cha tatu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haiketi, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kaka yako alikamatwa Ijumaa jioni, kwa hiyo saa 24 zilimalizika Jumamosi jioni, na siku ya mwisho ya kumfikisha mbele ya hakimu ilikuwa jana, Jumatatu. Ikiwa sheria ilifuatwa, jina lake tayari limo katika daftari la kesi za jinai la mahakama fulani. Uliza kwanza Mahakama ya Lamu, kisha ya Mpeketoni. Hata akishukiwa kwa kosa la ugaidi, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2012 huruhusu mtu azuiliwe kwa muda mrefu zaidi, ni mahakama inayotoa kibali hicho, na kibali huacha maandishi.

Kuhusu vituo, viko vitabu viwili, na watu wengi huulizia kimoja tu. Cha kwanza ni OB, yaani kitabu cha matukio (Occurrence Book), ambamo kila tukio huandikwa na kupewa nambari inayofuatwa na tarehe. Cha pili ni rekodi ya waliozuiliwa. Jedwali la tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linataka kitabu hicho kionyeshe sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, afisa aliyekamata, siku ya kufikishwa mahakamani, na, jambo linalowahusu ninyi zaidi, tarehe na mahali mtu alikohamishiwa. Kwa hiyo mjomba asiulize tu kama kaka yenu yupo, kwa kuwa jibu la kweli laweza kuwa hapana ilhali alilala pale usiku mmoja. Na aulize kama alipokewa pale tangu Ijumaa, na kama alihamishwa, alipelekwa wapi.

Wewe uliye mbali unaweza kuandika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Linakubaliwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kwa kawaida ofisi ina siku 21 za kujibu, lakini habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu muda ni saa 48, basi liandike neno "uhuru" waziwazi katika mstari wa kwanza. Usipojibiwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman; na ikiwa polisi wanakana kumshikilia mtu aliyeonekana akichukuliwa, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, nao wapewe habari. Jina lake likikosekana pia mahakamani, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus, ili wanaomzuilia waamriwe kumleta. Haki hiyo Katiba hairuhusu ipunguzwe kwa sababu yoyote, hata ya usalama.

KaraniMstaafu

Nakubaliana na aliyetangulia, nami naongeza yale niliyoyaona nikiwa masjala. Majina ya watu wetu huandikwa na maafisa waliotoka mbali, nao huandika walivyosikia. Athman huwa Uthman au Osman, Mohamed ana tahajia zisizopungua nne, jina la babu huachwa, na wakati mwingine hubaki lile jina la utani ambalo mabaharia wenzake humwitia. Nimewaona wazazi wakirudi Faza wakilia, na mtoto wao yumo katika ukurasa uleule waliosomewa. Mpeni karani nambari ya kitambulisho, jina la nahodha aliyekamatwa naye, na tarehe, kisha mwombeni asome washtakiwa wote wa siku hiyo. Wakishtakiwa pamoja, jina la mmoja litamleta mwenzake.

Mkipata nambari ya kesi, iandikeni nzima kama ilivyo, pamoja na herufi MCCR, zinazoonyesha kesi ya jinai ya mahakama ya hakimu, na ile E inayotangulia tarakimu, kwa kuwa ndiyo itakayofungua faili kila mtakapouliza. Muulizeni karani pia kama hakimu alitoa hati ya rumande, maana hati hiyo hutaja gereza. Wazee kisiwani bado hudhani mahabusu huwekwa ndani ya Ngome ya Lamu, na si ajabu, kwani ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Siku hizi gereza liko Hindi, bara, na mtu huvuka hadi Mokowe kisha akashika barabara. Mjomba asifunge safari hiyo kabla ya kuijua hati inasema nini.

NahodhaWaNdau

Dada, kuna swali moja ambalo hujalijibu: boti ya doria ilikuwa ya nani? Katika maji yale hupita wanamaji, walinzi wa pwani, maafisa wa uvuvi, na askari wa wanyamapori wanaolinda hifadhi ya bahari ya Kiunga, na ofisi hizi hazitumii daftari moja. Anayekamata baharini hutakiwa kumkabidhi mtu kwa polisi, na makabidhiano hayo ndiyo huandikwa katika OB. Kwa hiyo waulizeni wale mabaharia wawili rangi ya boti, sare za waliokuwemo, na hasa ilielekea gati gani, kwa sababu kituo kilicho karibu na mahali iliposhukia ndicho cha kuulizwa. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa Kizingitini naye huenda alipigiwa simu ikiwa kosa lilihusu nyavu au leseni, na kumuuliza hakuhitaji nauli.

BintiKizingitini (Alhamisi)

Nimerudi kuwashukuru, na kuwaeleza yaliyotokea ili mwingine atakayepatwa na jambo hili ayasome. Jana asubuhi mjomba alikwenda Mahakama ya Lamu akiwa na nambari ya kitambulisho na jina la nahodha. Jina la nahodha lilionekana mara moja, na chini yake alikuwa kaka yangu, ameandikwa kwa jina la baba likiwa mbele na jina lake mwenyewe limekosewa herufi tatu. Walifikishwa mbele ya hakimu Jumatatu kwa shtaka la uvuvi, na wamepewa dhamana ambayo sasa tunaitafutia mdhamini. Wako Hindi. Mjomba amewaona, wazima, ingawa kaka hajui hadi leo kwamba jina lililoitwa mahakamani si lake sawasawa. Karani ameeleza kwamba wakili anaweza kuomba lirekebishwe siku kesi itakapotajwa tena.

Ombi langu la maandishi kuhusu kile kituo cha kwanza nimelituma vilevile, kwa kuwa ningependa kujua kama walilala pale usiku wa Ijumaa. Mama alikaa siku tano akiamini kuwa mwanawe amezama.