Wakuu wa Dodoma: nina asubuhi moja tu, nataka kuona mashamba ya zabibu na kuonja waini. Nianzie wapi?

mke_wa_mhasibu
Habari zenu wakuu. Nipo Dar. Wiki ya mwisho ya Agosti mume wangu ana semina Dodoma, na safari hii nimeng'ang'ania twende wote na SGR. Mama mkwe kasikia neno Dodoma akasema haachwi, maana tangu usichana wake anasikia habari za zabibu za Bihawana na hajawahi kuziona zikining'inia. Basi msafara ni mimi, mama mkwe na wifi yangu. Mwenye mke atakuwa ukumbini anasikiliza mada.

Nafasi yetu ni Jumamosi asubuhi, saa mbili mpaka saa nane hivi, jioni tunapanda treni kurudi. Nataka tuone shamba, tuingie kiwandani tuone wanavyokamua, tuonje, tubebe chupa mbili tatu. Mimi ni wa glasi moja. Wifi ni wa glasi zaidi ya moja. Mama hanywi kabisa. Je, kuna watu wanaotembeza wageni au natafuta gari mwenyewe? Hombolo na Bihawana naweza kuunganisha asubuhi hiyo hiyo? Naombeni ushauri wa kweli, matusi wekeni akiba.

pipa_tupu
Dada, waini ya Dodoma inauzwa mpaka kwa Mangi hapo mtaani kwako. Unasafiri mkoa mzima kwenda kuangalia miti? Chukua Dompo yako, kaa hotelini, washa feni.

mke_wa_mhasibu
Jina lako nimelielewa.

Kijana_wa_AreaC
Karibu Makao Makuu. Kwanza Jumamosi ifute. Huku hakuna utaratibu wa mgeni kutokea tu getini akapewa glasi. Hivi ni viwanda hasa, na atakayewazungusha ni mfanyakazi aliyeacha kazi yake kwa saa moja kwa hisani. Jumamosi mtakutana na mlinzi, na mlinzi hana funguo za matangi. Hamishieni Ijumaa. Pigeni simu siku mbili tatu kabla, waambieni mko wangapi na mnataka kununua. Hilo la kununua lisemeni mapema, linafungua milango.

Kuunganisha: Hombolo unatoka na barabara ya Dar, ukifika Ihumwa unakata kushoto, unakwenda kilomita nyingine za kutosha hadi kule kwenye bwawa na chuo cha Serikali za Mitaa. Bihawana ni barabara ya Iringa, upande mwingine kabisa wa mji. Kwenye ramani unaona vidole viwili, kwenye gari ni asubuhi mbili. Kama lengo ni kiwanda, nenda Hombolo, kule kuna CETAWICO na mashamba yanakizunguka. Kama lengo ni historia na shamba tu, Bihawana panatosha na ni karibu.

NdaniYaKepu
Niliishi Cape Town miaka minne, naomba nikuondolee picha moja kichwani. Kule ukisema nusu siku ya waini, unakaa kilomita hamsini tu kutoka Stellenbosch, unachukuliwa hotelini, unazungushwa mashamba matatu, kila shamba lina chumba cha kuonjea, jibini, chokoleti, na kijana wa kukuelezea mpaka uchoke. Franschhoek wana hadi tramu ya kuwapeleka walevi shamba kwa shamba. Groot Constantia, shamba kongwe la kule, wanalima tangu 1685, wamepata muda wa kujipanga.

Dodoma si hiyo. Utaonjea ofisini, pengine kwa glasi za maji, kalenda ya mwaka jana ukutani. Nilikwenda nikiwa nimevaa kiatu cheupe. Usivae kiatu cheupe. Lakini nikwambie ukweli, kule Kepu sijawahi kuzungumza na mtu aliyepanda mzabibu kwa mkono wake. Dodoma nilizungumza naye nusu saa, akanitajia bei ya dawa, bei ya nguzo na bei ya kibarua.

Kuonja kuna mpangilio: anza na nyeupe kavu (ukiona Chenin Blanc, ndiyo hiyo), kisha nyekundu kavu, za sukari ziwe za mwisho. Ukianza na tamu, kavu zote zitakuwa kama siki mdomoni na utawaonea bure. Na ombeni chombo cha kutemea. Kutema si dharau, ndivyo kazi inavyofanywa. Mwambie wifi.

mke_wa_mhasibu
Wifi anasoma hapa pembeni yangu. Anasema hatemi.

MkulimaMpunguzi
Mgeni karibu, umechagua msimu bila kujua. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, halafu Agosti hadi Septemba. Wazungu wanavuna mara moja kwa sababu baridi inaulaza mzabibu. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, tunauamsha sisi kwa mkasi. Ukishapogoa unaanza upya, na kama miezi minne baadaye unavuna. Kwa hiyo mkipita shamba limebaki vijiti vitupu, msiseme limekufa. Linasubiri zamu yake.

Za Agosti ndizo tunazoringia. Hakuna mvua, jua ni kali, sukari inapanda, ugonjwa wa ukungu unapungua. Za Februari zinaiva mvua ikiwa juu, hapo mkulima anaishi na bomba la dawa mgongoni. Ndiyo maana nawaomba msichume bila kuuliza. Siyo uchoyo. Uliza limepigwa dawa lini, na hata ukipewa, osha kwanza.

Zabibu ya mvinyo si ile mnayouziwa kwenye vifungashio dukani. Ngozi nene, mbegu, utamu na ukali kwa pamoja. Tafuteni ile inayoitwa Makutupora, nyekundu, imechukua jina la Makutupora yetu ya barabara ya Arusha, ambako kipo kituo cha utafiti wa zabibu na ambako maji ya mji yanatoka. (Siyo Makutupora ya SGR. Ile ni ya Manyoni, Singida. Kuna mtu aliwahi kunipigia simu yuko huko ananitafuta.) Syrah na Chenin zimetoka nje na dunia nzima inazo. Makutupora nyekundu ndiyo mtu wa Dar anapaswa kuirudisha nyumbani.

Neno lingine mtakalosikia ni mchuzi. Siyo wa nyama. Mchuzi wa zabibu ni juisi iliyokwisha kukamuliwa, nasi wengine tunakamua na kuuza huo mchuzi kwa sababu zabibu ikishaiva haisubiri kikao. Mwaka mmoja mnunuzi alituahidi gari, tukavuna, gari halikuja. Siku ya tatu nikawafungulia mbuzi. Mbuzi walifurahi sana.

Nakuru_Damu
Jirani zenu wa Kenya tunawaonea wivu. Sisi tuna waini ya Leleshwa ya kule Naivasha, ni nzuri, lakini ukiuliza watu wa Nairobi wengi hawajui inatoka kwa shamba gani. Nyinyi mko na mji mzima unanuka zabibu. Enda, uje utuambie.

Suka_wa_Noah
Usafiri: msipande bodaboda kwenda Hombolo, mama mkwe atawalaani njiani. Kodini Noah au taksi kwa nusu siku, mpatane bei kabla ya kuwasha gari, na mpatane pia kwamba dereva anawasubiri. Kurudi kutoka kule mnaweza kukaa kituoni mpaka jua lizame. Na dereva asionje. Mimi nimekataa mara nyingi, wageni wananisukumia glasi wakidhani naona haya. Trafiki wa Ihumwa hawana utani, na barabara ile ina malori usiku na mchana.

Kuleni chai nzito kabla ya kutoka. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha, Dodoma mwezi wa nane upepo mkavu unapasua midomo.

Bint_Kondoa
Mimi situmii kilevi na nilikwenda na wafanyakazi wenzangu. Nilifurahia shamba, nikala zabibu, nikanunua zabibu kavu. Wakati wenzangu wanaonja nilikaa chini ya mti na mama mmoja anayefunga matawi kwenye waya. Hakuna aliyenilazimisha. Mama mkwe wako asiogope.

Frateri_Mstaafu
Niongezee la Bihawana kwa ajili ya mama. Mizabibu ya Dodoma ilianza na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, miaka ya 1950. Walikuwa na sababu rahisi: divai ya misa. Sheria ya Kanisa inataka divai hiyo itokane na zabibu tupu na isiwe imeharibika, huwezi kuweka rozela wala ndizi. Nchi yenye mvua ya miezi michache na jua la kutosha ikawafaa. Yaliyofuata, viwanda, Dompo, Dodoma drai za kwenye harusi zetu, yote yametokea altareni. Mwambie mama hiyo ni divai. Pombe ni ile ya kina wifi.

mke_wa_mhasibu
Nimemsomea mama. Amesema tangu leo wewe ni mwanawe.

Nimehamishia kiwanda Ijumaa, nimepiga simu, wamekubali saa tatu. Bihawana tutajaribu Jumamosi asubuhi. Asanteni, nitarudi na mrejesho.

mke_wa_mhasibu
MREJESHO. Najua nyuzi nyingi humu zinafia hapa, mimi nimerudi.

Ijumaa tulichelewa kutoka kwa sababu yangu (nywele). Hombolo tukafika saa nne kasoro na jua limeshakuwa na hasira. Aliyetupokea alikuwa na buti za mpira na kalamu sikioni. Lori lilikuwa linashusha kreti, na nyuki wamelifuata mpaka mlangoni. Harufu ile sikuitegemea. Nilidhani nitasikia harufu ya juisi, kumbe ni kama mkate unaoumuka na tunda lililoiva mno kwa pamoja.

Kitu kilichonishangaza: alikata zabibu nyekundu kwa ukucha, akatuonyesha ndani. Nyeupe! Rangi yote iko kwenye ngozi. Waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake, nyeupe wanatenganisha juisi mapema. Miaka yote nakunywa na sikujua. Wifi alitaka kuinama achungulie tangi linalochacha, akavutwa mkono haraka. Hewa inayotoka mle haina oksijeni ya kutosha, mtu anaweza kuzimia akadumbukia. Hilo nawaambia wote mtakaokwenda, msichungulie.

Tulionjea ofisini, NdaniYaKepu, na kalenda ilikuwepo. Tulifuata mpangilio wako. Nyeupe kavu ilinipendeza kuliko nilivyotarajia, ina uchachu kama wa embe changa. Nyekundu kavu ilinikaza ulimi kama nimetafuna bibo. Wifi alisema ndiyo hiyo hiyo anayoitaka, na ni kweli hakutema. Mama alipewa kikombe cha mchuzi uliokamuliwa asubuhi ile, haujachacha. Akanywa, akanyamaza, akaomba kingine. Tulitoka na chupa sita, gari tulilipa laki na kitu pamoja na kusubiri, na saa saba tulikuwa mjini tunakula mlenda.

Jumamosi tulikwenda Bihawana sisi watatu na dereva yule yule. Hakuna kuonja, hakuna maelezo, tumezunguka tu. Mama alisimama kwenye mstari mmoja wa mizabibu muda mrefu, ameshika kishada bila kukichuma, mpaka mzee mwenye shamba akaja kuuliza kama anaumwa. Wakaanza kuzungumza. Nusu saa baadaye amekuja kwenye gari na vipande vitatu vya tawi, amevifunga kwenye ncha ya khanga iliyolowekwa maji, na vimesafiri hivyo kwenye SGR mapajani mwake mpaka Dar. Chupa zangu alisema ziwekwe juu, zitajijua.

MkulimaMpunguzi, swali ni lako. Vitashika Kimara?

MkulimaMpunguzi
Kushika vitashika, mzabibu si mgumu kuota. Panda macho mawili yawe ndani ya udongo na mawili juu, mahali pa jua, maji yasituame. Shida ya kwenu ni unyevu. Ukungu utakula majani, na matunda yakija yatakuwa ya kuhesabu kwa vidole. Mwambie mama Kimara atapata kivuli kizuri cha kukaa jioni. Zabibu sikuahidi.

mke_wa_mhasibu
Nimemsomea. Keshachimba shimo.