Naomba msaada: Praat inanichezea irabu za Kirangi

Mrangi_wa_Mjini: Wakuu, mbukwenyi. Niko Dodoma mjini, mwaka wa mwisho, nasoma Isimu. Tasnifu yangu ni irabu za Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa. Zipo saba, si tano kama za Kiswahili, nami nataka vipimo vinavyotenganisha zile [i] mbili, na zile [u] mbili. Shangazi anapimika vizuri tu. Nikifika kwa mzee wangu, kwenye [u], vile vidoti vyekundu vya fomanti (masafa yanayovuma zaidi ndani ya irabu) vinaruka: F1, yaani fomanti ya kwanza, mara 320 Hz, mara 500, na F2, ya pili, siioni. Msimamizi kasema "rudia". Nirudie nini? Nauli ya Kondoa ishanimaliza.

Kapuku_Msomi: Praat ndiyo nini?

MpimaSauti: Programu ya bure ya kuchanganua sauti za usemi, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Kwa Kiholanzi ni "ongea".
Mleta uzi, acha nauli kwanza. Fungua mipangilio ya fomanti. Ukiiacha ilivyokuja, inatafuta fomanti tano chini ya 5500 Hz, na hicho ni kipimo cha mwanamke. Mwanaume njia yake ya sauti, kooni hadi midomoni, ni ndefu zaidi. Mshushie hadi 5000. Usiposhusha, F1 na F2 za [u], zilivyokaribiana, inaweza kuzihesabu kama moja.

Bi_Chemba: Na ulirekodi kwa nini? Usiniambie voisi ya WhatsApp.

Mrangi_wa_Mjini: 😅 Ya mzee alituma dogo. Voisi.

Bi_Chemba: Nilijua. WhatsApp inabana sauti faili liwe jepesi. Arekodi WAV, faili lisilobanwa, 44100 Hz, atume kama dokumenti. Na wasikae nje: upepo wa kwetu unajaa chini kabisa ya spektrogramu (ile picha ya masafa ya sauti), huko huko F1 iliko. Mimi nilikaa na wazee wa Kisandawe chini ya bati, mvua ikashuka, vidoko vyao vyote vya ulimi vikazama. Nilirudi nyumbani na saa nzima ya mvua. Tafuteni chumba chenye godoro na nguo nyingi.

Kapuku_Msomi: Shule yote hiyo kupima "i" mbili?

MpimaSauti: Kamuulize Mrangi kama ni moja.

Mrangi_wa_Mjini: Nimeshusha 5000. F1 340, F2 710, zimeachana! Hata hivyo mzee atarekodiwa upya. Dogo kashaomba hela ya bando. Anasema WAV dakika moja tu ni MB 5.