Maharage ya pinto ya kupeleka kwenye msiba, bila nguruwe

Kutoka: Mama Zuhura, Knoxville

Assalaam alaikum na habari za huko mliko wote.

Jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ametupokea vizuri sana tangu tuhamie mtaa huu, amefiwa na mumewe. Mazishi ni Jumamosi, na wakitoka kanisani watu watakula nyumbani kwake. Desturi yao haiko mbali na ya kwetu: mtu akifiwa, majirani wanaingia na vyakula vilivyokwisha kupikwa, mfiwa asiguse jiko. Nimemuuliza binti yake nilete nini, akasema mama anatamani maharage ya pinto ya rojo, aliyokua akila tangu utotoni.

Mimi napika maharage ya nazi, na ya kuunga kwa nyanya. Haya yao sijawahi kuyapika. Na kila ninayemuuliza hapa anaanza na nguruwe: mguu wa nguruwe, mafuta ya nguruwe. Nyumbani kwetu nguruwe haingii. Je, yanaweza kupikwa bila hiyo, na bado mama wa watu akala akaona ni chakula chake? Naomba msaada kabla ya Ijumaa.

Kutoka: Bi. Rehema, Birmingham, Alabama

Wa alaikum salaam Mama Zuhura, na mpe pole jirani yako. Yanaweza, na yatakuwa mazuri. Wenyeji wengi wenyewe siku hizi wameacha nguruwe kwa sababu ya presha na moyo, wanatumia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi. Kinachotafutwa kwenye ule mguu wa nguruwe ni moshi, chumvi na ule ute wa mifupa na ngozi unaofanya rojo liwe zito. Bata mzinga anakupa vyote vitatu. Dukani utamkuta kwenye friji za nyama, pakiti imeandikwa *smoked turkey*: mguu, bawa au shingo. Chukua bawa au shingo, zina mifupa na ngozi nyingi. Kama unataka iliyochinjwa kihalali, Salma wa Houston atakuelekeza, yeye ndiye mjuzi.

Sasa sikiliza, jambo kubwa ni hili: usiyaunge. Najua mkono utakuwasha kukaanga kitunguu na nyanya. Uache. Hakuna nyanya, nazi, bizari wala pilipili hoho. Maharage haya yanapikwa ndani ya supu yake tangu mwanzo hadi mwisho, na lile rojo ndilo chakula. Mtu wa Kusini mwa Marekani akipewa maharage makavu yasiyo na rojo ataona hukumaliza kupika.

Ratli moja ya pinto, yaani gramu 454, inatoa kama vikombe sita vilivyoiva. Kwa msiba pika ratli mbili. Mimi naandika vipimo vya ratli moja, wewe zidisha.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika yamwage mezani uchague, maana vijiwe bado vimo hata kwenye pakiti za Marekani. Yaoshe, yaloweke kwenye maji kama lita mbili yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Wengi tumefundishwa kwamba chumvi inayafanya maharage yawe magumu. Hapana, chumvi ya kwenye maji ya kulowekea inalainisha ganda. Kinachoyafanya magumu ni uchachu, nitakuja huko.

Asubuhi anza na nyama, maharage yasubiri. Bawa au shingo moja kubwa, kitunguu kimoja umekikata katikati, punje tatu nne za saumu nzima, jani la bay kama unalo, pilipili manga. Maji mengi. Chemsha kwa moto wa wastani karibu saa nzima, mpaka nyama ianze kuachia mfupa na maji yawe na rangi ya chai hafifu. Ionje supu hiyo. Ina chumvi tayari, kwa hiyo mkono wako uwe mbali na kopo la chumvi.

Kisha maharage. Yamwage maji yake ya kulowekea, yasuuze, yatie ndani ya supu, iyafunike kwa kina cha vidole viwili. Yachemke kwa nguvu dakika kumi, halafu teremsha moto mpaka uone mapovu madogomadogo tu juu. Kifuniko kiwe upande. Saa moja na nusu hadi mbili. Maji yakipungua ongeza ya moto, ya baridi yanakatiza kuchemka. Usikoroge sana.

Yakiiva, chota kama kikombe kimoja uyaponde kwenye ukingo wa sufuria na mwiko, uyarudishe. Rojo litashika. Itoe nyama, ichambue vipande vidogo, mifupa na ngozi utupe, nyama irudi ndani. Hapo ndipo unaonja chumvi. Wako wanaotia kijiko kidogo cha sukari, mimi sitii.

Mezani weka pembeni kitunguu kibichi kilichokatwa vidogovidogo. Hapo Tennessee mashariki wanapenda pia achari yao ya kabichi na nyanya mbichi, inaitwa chow-chow, chupa zake zipo madukani. Uchachu huo ni wa mezani tu. Usiingie chunguni.

Kutoka: Baba Espoir, Louisville

Bandugu, jambo kwenu. Bi. Rehema amesema yote ya ladha, mimi naongeza ya usalama, kwa sababu familia nyingi mpya hapa zinapewa zile sufuria za umeme za kupika polepole.

Maharagi mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Punje nne au tano tu zisizoiva zinatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Sufuria ya polepole inaweza isifike joto la kuua sumu hiyo, na joto la nyuzi 80 linaizidisha badala ya kuipunguza. Kwa hiyo: loweka angalau saa tano, mwaga maji, chemsha kwenye jiko la kawaida maji yakitokota kabisa kwa dakika 30, ndipo uhamishie kwenye hiyo ya umeme. Pinto ina sumu kidogo kuliko hayo mekundu, ila mimi nafuata njia hiyohiyo kwa yote. Ya kopo yamekwisha kuchemshwa, hayana shida.

Nawaomba muwaambie na vijana wanaopika wenyewe kwenye mabweni ya vyuo. Ndio wanaopenda kutia kila kitu asubuhi na kwenda darasani.

Kutoka: Mama Zuhura

Asanteni sana, Mungu awabariki. Maswali mawili. Nina presha kuka, naweza kuitumia? Na nina pakiti ya pinto iliyokaa kabatini muda mrefu, inafaa au ninunue mpya?

Kutoka: Kaka Mwangi, Denver

Mama, nunua mpya. Maharage yaliyokaa miaka kwenye joto yanaweza kuchemshwa kutwa nzima na yasilainike. Ratli ya pinto ni chakula cha bei ndogo kuliko vingi dukani, na familia zilizo kwenye WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito, mama na watoto wadogo, zinaweza kuyachukua humo pia, makavu au ya kopo.

Kwa Wakenya wenzangu: pinto mnaijua. Inafanana sana na mwitemania ya sokoni kwetu, na ikikaa kwenye githeri huoni tofauti. Rosekoko nayo inafanana na yale wanayoyaita *October beans* huko milimani kwa kina Mama Zuhura.

Sisi wa Denver tuna shida yetu. Tuko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na maharage yanachukua muda mrefu mno. Hapa presha kuka ndiyo jibu. Mwenye maji magumu ya bombani, yenye chokaa nyingi, naye atahangaika. Kumbuka magadi ya nyumbani: hapa tumia soda ya kuokea, robo kijiko cha chai kwa ratli moja, kwenye maji ya kulowekea. Isizidi hapo, yatakuwa na ladha ya sabuni na kupondeka.

Kutoka: Bi. Rehema

Tumia presha kuka bila wasiwasi, Mama Zuhura. Nyama na maji kwanza, dakika 30. Kisha maharage yaliyolowekwa, dakika kama 15, halafu iache presha ishuke yenyewe. Ukiifungulia ghafla yanapasuka na rojo linatapakaa. Usijaze kupita nusu, kwa sababu maharage yanatoa povu, na kwa ratli mbili pengine upike mara mbili. Ukishafungua, yarudishe jikoni wazi, moto mdogo, dakika 20 au zaidi. Hatua hiyo usiiruke. Presha kuka inaivisha, lakini rojo zito linataka kuchemka taratibu bila kifuniko.

Mkate wa mahindi, ule unaoliwa na maharage haya, mwachie mtu mwingine auoke, au uliza. Kila nyumba ina wake na wana msimamo mkali juu ya sukari: wengi wa milimani hawataki hata chembe.

Kutoka: Salma, Houston

Mama Zuhura mpenzi, kuhusu halali. Maduka ya Waarabu na Wapakistani mara nyingi huuza bata mzinga wa moshi wa halali, hasa kuanzia Novemba karibu na sikukuu ya Shukrani. Usipompata, nunua mguu wa kuku wa halali wenye ngozi, umpake paprika ya moshi, umchome kwenye oveni mpaka awe na rangi kahawia, ndipo umchemshe na kitunguu. Paprika ya moshi ni ile ambayo pilipili zake zimekaushwa juu ya moto wa kuni, si paprika ya kawaida. Kijiko kimoja cha chai kwa ratli kinatosha.

Na niwakumbushe wenzangu: makopo ya maharage yasomeni nyuma. Neno *lard* ni mafuta ya nguruwe, na yapo kwenye makopo mengi ya maharage ya kupondwa ya Kimeksiko. Mkila nje huku Kusini, ulizeni kuhusu maharage na hata mboga za majani. Sukuma zao, wanazoziita collards, nazo huchemshwa na nguruwe sehemu nyingi. Mhudumu atakujibu vizuri, hawachukii kuulizwa.

Kutoka: Mzee Kombo, Atlanta

Watoto wangu, nimefurahi kuwasoma. Niseme kidogo.

Haya maharage tunayoyadai kuwa ya kwetu asili yake ni bara hili la Amerika. Yalivuka bahari kuja Afrika na biashara ya Wareno. Kunde ndizo zilizotoka kwetu. Zilikuja huku na watu waliotekwa wakauzwa, na hadi leo watu wa Kusini hula kunde siku ya tarehe 1 Januari kuombea mwaka wa heri, pamoja na majani ya kuchemsha. Zikipikwa na wali wanaita Hoppin' John. Mapishi yake yalichapwa kitabuni huko Charleston mwaka 1847, lakini waliokuwa wakipika ni Waafrika, tena kabla ya hapo kwa muda mrefu. Nikialikwa mwaka mpya na majirani zangu Wamarekani weusi, nikaona kunde na wali na majani mezani, najua nimekaa na ndugu. Wafundisheni watoto wenu jambo hili, maana shuleni huenda wasilisikie.

Mama Zuhura, unachokifanya kwa jirani yako ni kitu kikubwa.

Kutoka: Bi. Rehema

Shikamoo Mzee Kombo, asante kwa hilo.

Mama Zuhura, la mwisho kabla hujaanza. Ukipika Ijumaa ukayapeleka Jumamosi, usiyaache yapoe ndani ya sufuria kubwa usiku kucha. Yagawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, yaingie friji ndani ya saa mbili. Asubuhi yatakuwa yameganda, ongeza maji ya moto kikombe kimoja, yapashe mpaka yatokote. Yanakaa friji siku tatu hadi nne, kwa hiyo mfiwa atapata ya kula hata wageni wakishaondoka.

Peleka kwenye trei za foili zenye kifuniko, asiwe na chombo cha kuosha na kurudisha. Juu andika kwa kalamu kwamba nyama ni bata mzinga, kwa ajili ya wageni wenye presha na wasiokula nguruwe. Na mfuko mdogo wa kitunguu kilichokatwa, pembeni.