Naomba ushauri: Santorini kwa ajili ya mvinyo, na mke wangu hanywi

Msafiri_wa_Mbali:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mke wangu tunaishi Stuttgart, na mwanzoni mwa Septemba tumepata likizo ya siku chache. Tumekubaliana kwenda Santorini, Ugiriki. Napenda mvinyo mweupe mkavu, na Assyrtiko, zabibu nyeupe ya kisiwa hicho, nimeisikia kwa muda mrefu. Shida ni kwamba mke wangu hanywi kabisa, na sitaki likizo iishe mimi niko na glasi yeye ananitazama. Twende viwanda vipi? Tukodi gari? Na mavuno tutayakuta?

Mama_Neema:
Kaka, nimeishi Athens miaka mingi na Santorini naijua. Wifi hatachoka kama mtaanzia shambani. Mizabibu ya kule haipandishwi kwenye waya. Upepo wa kiangazi, meltemi, unapiga kisiwa kizima na hakuna msitu wa kuuzuia, kwa hiyo mkulima husokota matawi chini kabisa mpaka yanakuwa kikapu, wao wanaita kouloura, na vichala vinakaa humo ndani. Inama utazame: utakuta zabibu zimejificha kivulini, na pembeni yake vijiwe vyeupe vyenye matundu, vyepesi hata ukijaza kiganja huhisi uzito. Mvua ya kiangazi karibu hakuna. Mzabibu unaishi kwa unyevu wa ukungu wa baharini ambao udongo ule wa volkano unaushika usiku. Ndiyo maana mavuno ni kidogo na chupa ni ghali.

Mavuno yenyewe ni Agosti, wengi watakuwa wameshamaliza. Ila mkibahatika mtakuta zabibu zimeanikwa juani kwa ajili ya Vinsanto, ule mvinyo mtamu unaokaa kwenye mapipa miaka miwili au zaidi.

Baharia_wa_Tanga:
Mkuu, kodi gari. Shemeji hanywi, basi dereva unaye. Barabara ni nyembamba, na kiwango cha pombe kwa dereva Ugiriki ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, glasi chache tu umevuka. Hizo pikipiki za magurudumu manne wanazokodishiwa watalii usiguse.

Mama_Neema:
Baharia, hapo sikubaliani nawe. Ni likizo yake pia, asigeuzwe dereva wa kumsubiri mumewe. Lala Perissa, kuna ufukwe wa mchanga mweusi na bei ni nafuu kuliko Oia, kile kijiji cha watalii. Basi la Perissa kwenda Fira, mji mkuu wa kisiwa, linapita Megalochori na Pyrgos, na huko ndiko viwanda vingi viliko. Kwa siku moja viwili vinatosha.

Venetsanos nenda asubuhi. Kilijengwa mwaka 1947 kwenye mteremko ili mvinyo ushuke wenyewe ghorofa hadi ghorofa, hata asiyekunywa atafurahia kuelezwa. Jioni hapo, kwenye ukingo wa kaldera, lile shimo la volkano lililojaa bahari, watu ni wengi mno wakingoja jua lizame, humpati mtu wa kukujibu maswali. Kwa Assyrtiko nzito nenda Argyros, kule Episkopi Gonia karibu na Kamari. Wapo tangu 1903.

Mkulima_Hombolo:
Samahani naingilia. Mimi nalima zabibu hapa Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hao wenzetu wanaunganisha miche kwenye mashina ya Kimarekani, yale yanayostahimili mdudu wa mizizi, kama Ulaya kwingine?

Mama_Neema:
Shikamoo mzee wangu. Hapana. Yule mdudu wa mizizi, filoksera, aliyemaliza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, kule hakuweza kuishi kwa sababu udongo ni majivu na mchanga, mfinyanzi karibu haupo. Mzabibu ukizeeka wanakata juu, chipukizi linatoka kwenye mzizi uleule. Kuna mizizi ya karne na zaidi. Mimi hilo ndilo linanigusa kuliko glasi yoyote.

Mkulima_Hombolo:
Marahaba mwanangu. Msafiri, tafadhali tupigie picha za hivyo vikapu, hasa namna wanavyopogoa.

Msafiri_wa_Mbali:
Nimemsomea mke wangu yote haya. Amekataa gari, na anauliza siku ya pili afanye nini yeye.

Mama_Neema:
Mwambie wifi Akrotiri: mji uliofunikwa na majivu miaka takriban 3,600 iliyopita, nyumba na mitungi bado vipo. Kisha mle mchana hapohapo kijijini. Aagize fava ya kisiwa, punje za njano za jamii ya kunde zilizopondwa, na kitunguu na mafuta ya zeituni juu, na vile vinyanya vidogo.

Baharia_wa_Tanga:
Haya, basi na liwe basi. Lakini wekeni nafasi viwandani mapema, vile vidogo havipokei watu wanaotokea tu mlangoni. Na Vinsanto mtie kwenye begi la kupakiwa, la mkononi watawanyang'anya.