Upasuaji wa nyonga bila kuongezewa damu: tujiandae vipi?

Mwuliza swali:
Ndugu zangu, salamu. Mama yangu mzazi atafanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa nyonga baada ya wiki 6, na kwa sababu ya imani yake hataki kuongezewa damu, hata hali ikiwa mbaya. Kipimo cha mwisho kilionyesha wingi wa damu wa 9.8. Daktari ameheshimu uamuzi wake, ila ametuambia tu, "Jiandaeni." Tujiandae kwa lipi hasa?

Mtaalamu wa usingizi:
Dada, kazi kubwa ipo katika hizo wiki 6. Kwa mwanamke mtu mzima, himoglobini (ndio huo wingi wa damu mliopimiwa) iliyo chini ya 12 huhesabiwa kuwa upungufu wa damu, kwa hiyo mama anaingia chumba cha upasuaji akiwa na akiba ndogo. Ombeni apimwe feritini, ambayo huonyesha akiba ya madini ya chuma, pamoja na vitamini B12 na foleti. Ikiwa chuma ndicho kimepungua, vidonge husaidia taratibu, navyo visimezwe kwa chai wala maziwa. Muda ukiwa mfupi, chuma hutolewa kwa dripu, na wengine huchomwa erithropoyetini ili uboho utengeneze chembe nyekundu kwa wingi zaidi. Mtajieni daktari kila dawa anayotumia, hasa aspirini na diklofenaki, lakini asiache yoyote kabla ya kuambiwa.

Siku yenyewe, dawa iitwayo asidi ya traneksamiki hupunguza damu inayopotea. Ipo pia mashine inayokusanya damu ya mgonjwa inayomwagika, ikaiosha na kumrudishia. Hili mwulizeni mama mwenyewe mapema, kwa maana wapo wanaolikubali na wapo wanaolikataa.

Aliyepitia njia hiyo:
Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo bila damu. Jambo ambalo sikulitarajia ni vipimo vya kila asubuhi, kwani navyo hupunguza damu kidogo kidogo. Niliomba vifanywe vile vya lazima tu, na muuguzi akaanza kutumia vichupa vidogo vya watoto. Uamuzi wangu niliuandika na kuutia sahihi, na daktari alinihoji nikiwa peke yangu, ndugu wakiwa nje. Mwanzoni niliudhika, lakini sasa naona alifanya vyema.

Mtaalamu wa usingizi:
Ni kweli kabisa. Nisiwafiche: himoglobini ikishuka chini ya 5 baada ya upasuaji, hatari ya kifo hupanda sana, na mama anastahili kulisikia hilo waziwazi. Hata hivyo njia hii si ya kubahatisha. Mwaka 1977 daktari mpasuaji wa moyo Denton Cooley wa Houston, Marekani, na mwenzake walichapisha taarifa ya upasuaji 542 wa moyo na mishipa uliofanywa bila kuongeza damu.

Mwuliza swali:
Nawashukuru sana. Kesho tutaomba kipimo cha feritini. Kuhusu ile mashine, mama ameuliza kama damu inabaki imeungana na mwili wake kwa mrija muda wote, maana kwake hilo ndilo litakaloamua kama ataikubali, na swali hilo tutampelekea daktari kama alivyolisema.