Maji ya ziwa yamegeuka kijani huku Usoma: je, kuchemsha kunatosha?

Nyar Usoma:

Hamjambo ndugu zangu. Mimi nauza omena, wale dagaa wadogo, huku Usoma, upande wa uwanja wa ndege hapa Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Tangu upepo ulipotulia wiki hii, maji ya ukingoni yamekuwa ya kijani kama rangi ya kupaka ukuta. Ni mazito, yana utando juu, na jua likiwaka yananuka vibaya. Bomba la karibu halitoi maji, kwa hivyo nyumba nyingi hapa zinachota ziwani. Mimi nachemsha. Jirani yangu anatia dawa ya maji. Mtoto wa dada yangu aliogelea Jumamosi, akatoka na upele shingoni na usiku akatapika.

Barazani tulisomewa aina za uchafuzi wa mazingira: wa maji, wa hewa, wa udongo, wa kelele. Nilisikiliza vizuri, lakini mkutano ulipoisha sikujua hiki kilichoko mlangoni pangu ni kipi kati ya hizo, wala kimetoka kwa nani. Naomba mnijibu mawili: kuchemsha kunatosha? Na uchafu huu unaletwa na nini?

Boda wa Kondele:

Mama, wewe chemsha tu. Wazee wetu walikunywa maji ya ziwa hili miaka yote na walizeeka. Huyo mtoto labda alikula kitu kibaya.

Mstaafu wa Maabara:

Nyar Usoma, dada yangu, kwanza yaweke kando hayo maji. Usinywe, usipikie, usimwogeshe mtoto. Na huyo aliyetapika apelekwe kituo cha afya, na mwambieni daktari kwamba aliogelea kwenye maji ya kijani, maana asipoambiwa hawezi kubahatisha.

Kazi yangu ilikuwa kupima maji maabarani hapa Kisumu mpaka nikastaafu, na hili ndilo jambo nililotamani litangazwe kila ufuo kwa kipaza sauti: kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi sumu ya maji ya kijani.

Huo utando ni bakteria za kijani-buluu. Katika Ghuba la Winam, yaani mkono huu wa ziwa ulioko Kisumu, huwa ni aina iitwayo Microcystis mara nyingi. Kila chembe ina vifuko vidogo vya gesi ndani yake, ndiyo maana upepo ukitulia zinaelea juu, halafu upepo mwepesi unazisukuma ukingoni, pale pale mnapotumbukiza mitungi. Zinaweza kutengeneza sumu iitwayo maikrosistini, inayoshambulia ini. Ukichemsha, chembe zinapasuka na sumu inamwagika ndani ya maji, na moto wa jiko hauivunji. Dawa ya maji ya nyumbani nayo inapasua chembe. Klorini inaweza kuimaliza sumu yenyewe, ila kwa kipimo na muda ambao huwezi kuwa na hakika nao ukiwa na mtungi jikoni. Kwenye mitambo ya mji chembe hutolewa kwanza zikiwa nzima, kwa shabu na mchujo wa mchanga, kisha klorini ndiyo inafuata.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita moja kwa maji ya kunywa kila siku. Kiasi hicho hukioni wala hukionji. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa baada ya damu yao kusafishwa kwa mashine zilizotumia maji yenye sumu hii. Hao iliwaingia moja kwa moja kwenye damu, kwa hivyo sisemi utakufa kwa kikombe kimoja. Nasema sumu hii ni ya kweli, na ini la mtoto ni dogo.

Kijana wa Kondele, wazee walikunywa, ndiyo. Lakini wakati huo milima ya juu ilikuwa na miti, mji ulikuwa mdogo, na mbolea ya dukani haikuwa kila shamba. Tafadhali usimwambie mama mwenye watoto achemshe tu.

Ukitaka kuhakikisha, chukua chupa isiyo na rangi, vaa mfuko wa nailoni mkononi, jaza maji hayo, funga, usitikise, iache mahali patulivu mpaka kesho. Tope litazama chini. Kijani kikipanda na kufanya pete shingoni mwa chupa, basi ni hizo bakteria. Jaribio hili halipimi sumu, linakuonyesha tu unachota nini.

Sasa ile orodha ya barazani. Mimi huwa inanisikitisha inaposomwa hivyo, kana kwamba kila uchafuzi unakaa chumba chake. Kijani hicho kinalishwa na fosforasi na nitrojeni, na hizo zinafika ziwani kwa njia zote. Choo cha shimo kikifurika mtaa wa Nyalenda, kinaingia ziwani. Mto Kisat unapita katikati ya mji na maji taka yake, unaishia ziwani. Mto Nyando unashuka kutoka nchi ya Nandi na Kericho ukiwa mwekundu kwa udongo, na kila punje ya udongo huo imeshika fosforasi. Huo ni uchafuzi wa udongo uliogeuka uchafuzi wa maji. Na hewa je? Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia katika ziwa zima ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake. Moshi wa mashamba yanayochomwa, vumbi la barabara, majivu ya takataka, yote hayo hupanda na kurudi na mvua. Watafiti waliopima waligundua kwamba sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hili inatoka angani. Kelele zina madhara yake kwa masikio na usingizi, lakini kijani hiki si kazi yake.

Na kwa nini sisi tunaumia kuliko wenzetu? Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi, Kenya ina asilimia 6 tu, na theluthi moja hivi ya hiyo ni ghuba letu: lina kina kifupi na linabadilishana maji na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Kinachoingia hapa hakitoki upesi. Gugumaji, lile jani linaloelea ziwani, linakula chakula hicho hicho, fosforasi na nitrojeni, kwa hivyo likiondolewa bila kupunguza chakula, kitakachofuata ni kijani. Gugumaji lilianza kuandamwa na fukusi, wadudu wanaolila, walioachiliwa mwaka 1997, na bado linarudi, kwa sababu mezani bado kuna chakula.

Mkulima wa Nyando:

Nimesoma yote. Mimi niko juu, nalima mahindi na miwa, na ninaona mto ukipita shambani kwangu ukiwa na udongo wangu. Inaniuma. Lakini mjue kwamba mkulima hatupi mbolea kwa kupenda. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, una fosfeti asilimia 46, na pesa yake tunaijua.

Kilichosaidia kwangu: mbolea ya kupandia inaingia shimoni na kufunikwa, hairushwi juu ya udongo. Ile ya kukuzia siiweki wingu likiwa limefunga. Nimepanda mistari ya majani ya napia kukata mteremko, ng'ombe wanakula na udongo unabaki. Na sikulima mpaka kwenye ukingo wa mto, ingawa pale ndipo penye rutuba na majirani wanaona ninapoteza shamba.

Kuhusu kuchoma miwa kabla ya kukata, hilo ni kweli. Majivu meusi yanaangukia nguo zilizoanikwa na watoto wanakohoa. Kwamba yanafika ziwani sikuwa nimelisikia, na nitalisema kwenye kikundi chetu.

Mama wa Obunga:

Na moshi wa jikoni? Huku tunakaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, kutwa nzima juu ya kuni. Macho yanawasha, na wenzangu wawili hawapumui vizuri. Barazani walitaja magari na viwanda tu.

Mstaafu wa Maabara:

Mama, huo ndio uchafuzi wa hewa unaoua wengi, na hauonekani barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Chembe zake ndogo zinapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu, zinaleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima kiharusi na magonjwa ya moyo. Toeni majiko nje ya chumba, hata chini ya paa lisilo na kuta. Kuni ziwe kavu kabisa, maana mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Na watoto wachanga wasibebwe mgongoni wakati wa kukaanga. Hao wawili waende wakapimwe mapafu.

Nyar Usoma:

Nimefanya lile jaribio. Kijani kimepanda chote juu, chini kuna tope kidogo. Mtoto alipelekwa, anaendelea vizuri. Asanteni sana.

Sasa nina wasiwasi na kazi yangu. Omena inaliwa nzima na utumbo wake. Nauza chakula au nauza sumu?

Mstaafu wa Maabara:

Swali zuri, na wachache hulijali. Kwenye samaki mkubwa sumu hukaa zaidi kwenye ini na utumbo kuliko kwenye mnofu, kwa hivyo ngege (tilapia) akitolewa matumbo na kusafishwa kwa maji salama, hatari inapungua sana. Omena hapati nafasi hiyo. Wakati ghuba ni kijani, nunua kwa mashua zilizovua ziwa wazi. Usioshe omena kwa maji ya ukingoni, na nyavu za kuanikia zisiguse utando ule. Usitegemee jua la kuanikia liondoe sumu. Usiache kuuza. Omena inalisha watu wetu na ina madini ambayo mtoto hapati kwa urahisi penginepo.

Kwa maji ya kunywa: mvua ya paani kwanza, weka gata hata kwenye bati moja na tangi lenye kifuniko. La sivyo, maji ya bomba ya mji, hata kama ni ya kununua kwa mtungi. Maji ya mvua nayo chemsha, kwa ajili ya vijidudu vya kawaida. Mbwa na ng'ombe msiwaache wanywe pale penye utando.

Mwanasheria wa Milimani:

Naongeza la sheria. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, na si lazima uthibitishe kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kabla ya kufika huko, andikieni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, malalamiko, mtaje mahali penyewe maji taka yanapotokea, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. NEMA ina mamlaka ya kumwamuru mchafuzi arudishe mazingira yalivyokuwa. Barua ya kikundi cha ufuo ina uzito kuliko ya mtu mmoja.

Nyar Usoma:

Kuna mtaro unaoingia ziwani karibu na tunapochota, maji yake meusi na yananuka choo. Kila mtu anaujua na hakuna aliyeuandikia. Nitaongea na mwenyekiti wa ufuo kesho. Tukitaka maji yapimwe kabisa, tunayabebaje?

Mstaafu wa Maabara:

Hapo umegusa penyewe, kwa sababu barua yenye majibu ya maabara si rahisi kuwekwa kando. Waulizeni kwanza KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wana kituo hapa Kisumu, na maabara ya maji ya kaunti, mjue nani anapima nini na kwa bei gani.

Chukueni sampuli mbili: moja kwenye mdomo wa mtaro, nyingine mnapochota. Ya kijani iwekwe kwenye chupa ya kioo cha kahawia, au ifungwe karatasi ya alumini isipigwe na jua. Ya vijidudu vya choo itahitaji chupa iliyotakaswa, na hiyo watawapa wenyewe. Zote ziwekwe kwenye barafu na zifike siku hiyo hiyo. Andikeni kwenye chupa, kabla haijalowa, mahali, tarehe na saa, na kama kulikuwa na upepo. Nendeni asubuhi mapema, upepo wa ziwani haujaanza kuyachanganya maji.

Nitumie ujumbe wa faragha kabla hamjaenda. Nitakuja Usoma tukachote pamoja.